Watoto Wadogo na Uwanja wa Kanisa

Someni kwanza: Mwanzo 2:8–20, Mathayo 6:26–30, Marko 4:26–29.



Somo hili ni la wazazi, walezi, walimu wa shule ya Jumapili na wazee wa kanisa. Linawahusu watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Zamani darasa lao liliitwa shule ya vidudu, nasi sasa twaliita chekechea. Katika parishi nyingi darasa hilo liko ndani ya kiwanja cha kanisa, tena mara nyingi kanisa ndilo lililolianzisha. Basi ni haki tujiulize: mtoto wa umri ule hujifunza vema mahali gani, na hujifunza kwa kitu gani?

Jibu langu nalitoa mapema, ili asiyekubaliana nami ajue tangu sasa tunabishania nini. Mtoto mdogo hujifunza kwanza kwa nyayo, kwa viganja, kwa pua na kwa macho, nje ya nyumba, penye udongo na miti na viumbe vilivyo hai. Kalamu hufuata baadaye. Tukiugeuza utaratibu huu hatuongezi elimu ya mtoto, bali twaipunguza.

Tutazame Maandiko. Katika Mwanzo sura ya 2 Mungu alipanda bustani, akamweka mtu humo ailime na kuitunza. Kabla hakijakuwapo kitabu wala ubao, mtu yule alipewa somo. Wanyama na ndege waliletwa mbele yake, awape majina. Angalieni vizuri jambo hili. Adamu hakupewa orodha ya majina aikariri. Aliletewa kiumbe chenyewe, akakitazama, ndipo neno likatoka kinywani mwake. Kitu kilitangulia, jina likafuata. Sisi siku hizi twafanya kinyume. Mtoto anaimba majina ya wanyama ishirini kwa Kiingereza kutoka katika bango la ukutani, naye hajapata kusimama karibu na mbuzi na kumwona anavyocheua.

Mfalme Sulemani naye anasifiwa kwa hekima, na katika 1 Wafalme 4:33 twaambiwa hekima hiyo ilihusu nini: miti, tangu mwerezi mkubwa wa Lebanoni hata hisopo iotayo ukutani, tena wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Na Bwana wetu alipofundisha, mara nyingi alikuwa mlimani, ufukweni au njiani. Alisema habari za mpanzi, haradali, mtini, kondoo, kuku na vifaranga vyake. Waliomsikia walielewa upesi kwa sababu vitu hivyo walikuwa wameviona tangu utoto.

Hapa naona hatari ambayo hatujaifikiria vya kutosha. Mfano ulio katika Marko 4:26–29, wa mbegu inayoota usiku na mchana bila mwenyewe kujua jinsi inavyoota, ni mfano mwepisi sana kwa mtoto aliyepanda kunde na kuamka kila asubuhi kuzitazama. Kwa mtoto aliyekulia kati ya ukuta na televisheni ni maneno tu. Atausikia kama asikiaye habari za nchi ya mbali. Twasema twataka watoto waijue Injili, na huku twawanyima vitu ambavyo Injili yenyewe imesemwa kwavyo.

Ndivyo ilivyo hata kwa lugha yetu. Bibi akisema, "Kitendawili!" na mtoto akajibu, "Tega!", kisha bibi akatega kwamba kuku wake katagia miibani, atajua nini huyo asiyepata kuona nanasi shambani? Yeye amelijua nanasi likiwa limekatwa vipande katika sahani. Vitendawili ni shule ya kutazama. Vilitungwa na watu waliotazama, kwa ajili ya watoto waliotazama.

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya kijijini na ya zamani, na kwamba dunia imekwenda mbele. Lakini tuulize shule ya watoto wadogo ilianzaje huko Ulaya. Friedrich Froebel alizaliwa Ujerumani mwaka 1782, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alikufa yeye akiwa hajatimiza mwaka. Alipokuwa kijana alitumwa kujifunza kazi ya misitu. Mwaka 1837 alianzisha kituo cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akakipa jina linalojulikana dunia nzima, ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Wala halikuwa jina la kupamba tu. Kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo cha kupanda na kutunza, na palikuwa na vitalu vya wote pamoja. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, Froebel akafa mwaka uliofuata, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860. Leo tumelichukua wazo la shule yake, tukaiacha bustani.

Katika kanisa letu la Anglikana alikuwako mwalimu Charlotte Mason wa Uingereza (1842–1923). Mwaka 1886 alichapisha kitabu juu ya malezi ya nyumbani, na mwaka 1892 akafungua chuo cha kufundisha walezi huko Ambleside, penye milima na maziwa. Yeye alitaka watoto wadogo wakae nje saa nyingi kila siku, na masomo ya darasani yangoje mpaka wafike miaka sita. Alikuwa na zoezi moja ninalolipenda kuliko yote, maana halina gharama. Mama hukaa chini ya mti, huwatuma watoto wakatazame kitu, tuseme mti ule pale au kibanda kile, kisha warudi wamweleze walichoona. Akiuliza, "Je, matawi yake yanaanzia juu au chini? Gome lake ni laini?" nao hawakuangalia, hurudi mbio kutazama tena. Hilo lafaa sana kwetu, sisi tuliozoea hadithi za jioni. Mtoto wa miaka minne anaweza kulifanya akiwa anamngojea mama yake kisimani.

Tena palikuwa na wale ndugu wawili, Rachel na Margaret McMillan, waliofungua shule ya watoto wadogo mwaka 1914 katika sehemu ya maskini ya London iitwayo Deptford. Watoto wengi wa pale walikuwa na matege kwa kukosa jua na chakula bora. Shule ilikuwa bustani yenye vibanda vilivyo wazi upande mmoja. Watoto walikula, walilala na kucheza penye hewa na mwanga.

Sasa elimu ya siku hizi inasemaje? Nitataja machache.

La kwanza ni macho. Katika mji wa Guangzhou, China, shule 12 zilishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015. Watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Mwishoni, kati ya wale walioongezewa muda, watoto wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa wa kutoona mbali. Kati ya wale wengine walikuwa karibu 40 katika kila 100. Kilichowasaidia ni kuwa nje mchana, bila dawa wala kifaa chochote.

La pili ni afya ya mwili. Huko Finland, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020 juu ya watoto 75 wa miaka mitatu mpaka mitano, baadhi ya vituo viliwekewa uwanjani udongo na mimea ya msituni, watoto wakacheza humo. Baada ya siku 28 vijidudu visivyo na madhara katika ngozi zao vilikuwa vya aina nyingi zaidi, na damu yao ikaonyesha dalili za kinga iliyotulia vizuri zaidi. Lakini tusinukuu habari za Finland kama kasuku. Udongo wetu una mambo yake. Una safura, ambayo huingia kwa nyayo, na una funza. Kwa hiyo watoto wavae viatu au malapa, choo kiwe safi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya uji.

La tatu ni mkono wenyewe. Baadhi ya mifupa ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka minne bado ni gegedu, haijakomaa. Wazazi husema samaki mkunje angali mbichi, nao wanamkunja kweli, kwa kumwandikisha kurasa mbili za herufi kila siku mpaka vidole vinauma. Mkono wa umri ule huimarishwa kwa kufinyanga udongo, kuchambua mchele, kusuka ukindu, kumenya karanga, kupanda mti mfupi na kushuka. Aliyefanya hayo kwa miaka miwili hushika kalamu kwa urahisi akifika wakati wake.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto wa miaka mitatu au minne autumie mwili wake kwa muda usiopungua dakika 180 kwa siku, na asikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja, na ikiwa chini ya hapo ni bora. Kila mzazi afanye hesabu ya nyumba yake mwenyewe.

Lakini faida ambayo mimi naiona kubwa kuliko hizo haipimwi kwa damu wala kwa miwani. Ni upendo. Mtu hutunza alichokipenda, naye hupenda alichokizoea akiwa mdogo. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alieleza jinsi alivyokuwa akienda akiwa mtoto kwenye kijito karibu na kwao, akicheza kati ya majani ya magimbi, na kujaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Kila alipoyainua yalikatika mikononi. Baadaye akawaona viluwiluwi wakiogelea. Alipokuwa mtu mzima aliona kijito kile kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, ambayo kwayo akina mama walipanda miti kwa mamilioni, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika hotuba aliyoitoa Oslo alipopokea tuzo hiyo, alirudi kwenye kijito kile na shanga zile. Hakuna aliyempa mtihani wa viluwiluwi. Ila angekuwa amefungiwa ndani siku zile, nadhani asingalijua kwamba kuna kitu kimepotea.

Basi mwalimu wa chekechea afanye nini? Kumwachia mtoto uwanja peke yake hakutoshi. Mtoto wa kijijini anaweza kukaa nje mchana kutwa asijifunze neno, ikiwa hakuna mtu mzima wa kumwuliza swali, na kungoja jibu.

Chukueni mndimu mmoja. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano huja kutaga yai mojamoja katika majani yake. Kiwavi akitoka huwa mdogo, mweusi na mweupe, amefanana kabisa na mavi ya ndege, na kwa hiyo ndege humpita. Akikua hugeuka kijani, akafanana na jani. Mkimgusa hutoa kichwani pembe mbili nyekundu zenye harufu kali, na watoto wote watapiga kelele na kutaka aguswe tena. Mwekeni katika boksi lililofunikwa kipande cha chandarua, na kila siku watoto wamletee majani mabichi ya mndimu. Watahesabu majani, hiyo ni hesabu. Watapokezana zamu, hiyo ni adabu. Siku moja kiwavi hatakula. Atajifunga kwenye kijiti na kutulia kama aliyekufa, na baada ya majuma mawili hivi kipepeo atatoka, mbawa zake zimekunjamana, naye atangoja zikauke. Mwalimu wa shule ya Jumapili asiharakishe kuhubiri siku hiyo. Pasaka itakapokuja, watoto wenyewe watakumbuka. Na mara nyingine kipepeo hatoki, wanatoka nyigu wadogo waliokuwa wamemla kiwavi kwa ndani. Hapo pia msiwafiche watoto. Wataliuliza jambo hilo kwa uzito kuliko watu wazima wengi.

Au chukueni kivuli. Watoto wasimike kijiti asubuhi, waweke jiwe mwisho wa kivuli chake, kisha tena saa nne, saa sita na saa nane. Wataona jinsi kilivyofupika na kurefuka tena. Mwalimu mwenye subira aiache alama ya saa sita mpaka miezi ipite. Hapa Tanzania kivuli cha adhuhuri huangukia upande wa kusini mwezi wa Juni, na mwezi wa Desemba huangukia kaskazini. Wapo watu wazima wengi ambao hawajapata kuliona hilo, ingawa wameishi chini ya jua hilohilo miaka hamsini.

Kunde mbili zilizowekwa kati ya pamba mbichi na kioo cha glasi zitaonyesha kwamba mzizi hutangulia kutoka, na kwamba hata mbegu ikiwekwa kichwa chini mzizi hupinda kuelekea chini. Majani ya mwembe, mpapai, mkorosho na mwarobaini yakipangwa katika mafungu yatafundisha kulinganisha kuliko michoro ya duara na pembetatu. Mbegu za ukwaju ni za kuhesabia, na hazinunuliwi. Na chini ya upenu, penye vumbi laini, yupo yule mdudu mdogo achimbaye shimo mfano wa faneli na kungoja chungu waporomoke. Darasa zima litalala kifudifudi kumtazama, kimya kabisa, jambo ambalo fimbo haijaweza kulifanya.

Naongeza onyo moja. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba, na wazo lenyewe lilikuwa jema. Lakini katika shule nyingi jembe likageuka adhabu: aliyechelewa alime, aliyepiga kelele alime. Mtoto aliyefundishwa hivyo huuchukia udongo maisha yake yote. Kwa watoto wa chekechea kwenda nje kusiwe adhabu kamwe, wala kusiwe zawadi kwa waliomaliza kuandika. Kuwe ndilo somo lenyewe.

Wazazi wana hofu, nazo si za kudharauliwa. Nyoka wapo, basi nyasi zifyekwe pembezoni, na watoto wafundishwe kutotia mkono shimoni. Mbegu za mnyonyo ni sumu, ingawa zinapendeza kama shanga. Utomvu wa mnyaa huumiza macho, na upupu kila mmoja anaujua. Mwalimu apitie uwanja mwanzoni mwa kila muhula na kung'oa mimea hiyo. Shimo la taka na kisima vizungushiwe ua. Madimbwi yenye kichocho watoto wasiyaingie. Haya yote yanafanyika kwa siku moja ya kazi ya waumini.

Hofu iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya ada. Mzazi hulipa, kisha jioni hufungua daftari la mtoto. Akilikuta tupu husema, "Nimelipa mwanangu akacheze vumbi?" Mwalimu naye, kwa kuogopa kupoteza watoto, hurudi kuwaandikisha. Hivyo mwalimu anayejua lililo jema hulazimishwa na daftari. Dawa yake ni wazazi waitwe waje asubuhi moja wakae uwanjani, waone. Na jioni, badala ya kufungua daftari, wamwulize mtoto, "Leo umeona nini?" Akiweza kueleza safari ya chungu tangu ufa wa ukuta mpaka kwenye ganda la embe, amepata lugha, mpangilio na kumbukumbu, na hivyo ndivyo atakavyovihitaji akianza kusoma.

Mwisho naja kwenye jambo litakalowagusa wazee wa kanisa. Parishi nyingi zilizo kando ya barabara zinajenga fremu za maduka katika viwanja vyake. Sizipingi. Paa la kanisa halirekebishwi kwa mapambio, na mshahara wa kasisi hautoki mbinguni kama mana. Lakini nimeona viwanja ambamo mti wa kivuli umekatwa, ardhi yote imemwagiwa zege kwa ajili ya magari, na watoto wa chekechea wamebakiziwa ujia kati ya ukuta na choo. Katika Zekaria 8:5 nabii anauona Yerusalemu uliorudishiwa baraka, na dalili mojawapo ni wavulana na wasichana wakicheza katika njia zake. Kabla ya kupima mahali pa fremu, basi, ipimwe kwanza sehemu ya watoto, penye mti mmoja mkubwa na udongo ulio wazi, iandikwe katika kumbukumbu za halmashauri kwamba haitajengwa. Fremu hukamilika kwa miezi michache. Mwembe uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kabla haujatosha kivuli cha darasa moja.

Ya kuzungumza katika vikundi vya nyumba kwa nyumba na katika Umoja wa Akina Mama: Je, watoto wa chekechea yetu hukaa nje muda gani kwa siku, kwa saa? Ni nani aliyeuhesabu muda huo? Taja mti, mdudu au ndege mmoja uliyemjua ukiwa na miaka mitano. Nani alikuonyesha, na wewe umemwonyesha nani? Katika uwanja wetu wa kanisa, ni sehemu ipi tungeweza kuwatengea watoto kabla ya muhula ujao, na ni nani atakayekuja na panga Jumamosi?